Mahali pa Kugeuza Kaseti

Mtaa wa Tuwan,
S.L.P. 4471,
Kitale.
Jumanne, 16 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Dancan,

Mulembe sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umetulia. Nasikia huko Ujerumani baridi imeanza kunyemelea. Vaa, tafadhali. Wewe tangu utoto ni mtu wa kusema husikii baridi huku meno yanagongana. Watoto je? Bado wanakataa ugali?

Sisi huku hatujambo. Mvua inashuka kila siku saa tisa alasiri, lakini mahindi ya shemeji yako Ngige yamebeba vizuri. Leo ameenda kwao Moi's Bridge kuulizia mashine ya kukaushia, kwa hivyo nyumba imetulia na mimi nimepata meza. Sare za shule za muhula huu nimemaliza kushona juzi. Vidole vinauma, ila kalamu vinashika.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Binti yangu Nyaruai ameniuliza mara mbili kwa nini nisikuandikie tu WhatsApp. Nimemwambia kuna mambo ambayo ukiyaandika kwa simu unayafuta kabla hujayatuma, na haya nisipoyatuma yatanipasua. Kwa hivyo kaa chini, usome mpaka mwisho, na usinipigie simu ukiwa katikati.

Kwanza Baba. Anakula, anatania, anagombana na Linah, msaidizi wake, kuhusu chumvi. Linah anamtunza vizuri siku za kazi, na mimi huenda kwake Matulo kila Ijumaa nikifunga duka, nikarudi Jumamosi jioni. Lakini macho ndiyo basi. Ile presha ya macho imemaliza kazi yake. Anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu akipita, hakuna zaidi. Masikio ndiyo yamebaki, na nakuambia yamekuwa makali kuliko zamani. Anajua gari la nani limepita barabarani bila kuuliza.

Sasa nije kwa rekodi yako.

Ulipoituma mwezi wa Julai, ukasema ni tamasha la ile okestra ya mji wenu unayochezea ukitoka kazini, na kwamba wameipiga simfoni yetu, ile ile ya kaseti ya Baba, nilifurahi. Kweli nilifurahi. Nyaruai akaiweka kwenye spika ndogo, tukaenda nayo Matulo Jumapili. Nilidhani tutaisikiliza sisi na Baba tu. Wapi! Linah alikuwa ameshatangaza kanisani. Ua ulijaa watu. Kapteni alikuja na bendi nzima ya Jeshi la Wokovu, bado wamevaa sare. Viti vya kukodi, Dancan! Mimi sijaletewa viti vya kukodi tangu siku niliyoolewa.

Ikapigwa. Mlipofika ile sehemu ya polepole, fidla zikapungua, tarumbeta yako ikaanza ule wimbo mrefu peke yake. Hata pumzi ya kwanza hujaimaliza, Baba akainua kidole. "Huyo ni Dancan," akasema. Watu wakapiga makofi. Baba akalia mbele za watu, machozi mpaka kwenye kola. Mimi nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo ilikuwa imeshaiva zamani.

Niliona wivu. Nakuambia waziwazi. Si ule wivu mdogo wa kuona jirani ana pazia jipya. Huu ulinikaa hapa kifuani nikashindwa kumeza chapati, na mimi na chapati unatujua. Nimeishi nao wiki nane. Nikishona uko, nikiomba uko, na Ngige akiniuliza kama naumwa namwambia ni tumbo.

Hebu nikukumbushe mambo, maana mtu akikaa mbali hubeba yale matamu tu. Yule mhandisi Mhindi wa kiwanda cha karatasi, alipohama Webuye, alimwachia Baba kaseti moja aliyoirekodi mwenyewe kutoka kwenye santuri zake. Juu yake aliandika neno moja, "Simfoni", basi. Mpaka leo Baba husema ni ya "yule Mzungu wa karne ya kumi na tisa", kana kwamba karne nzima ilikuwa na Mzungu mmoja. Kila Jumapili baada ya chai tulikaa kuisikiliza. Baba kwenye kiti chake, wewe miguuni pake ukimtazama midomo anavyopuliza hewa. Na mimi nilikaa wapi? Kwenye kigoda, mkono wa kulia wa Baba, kando ya redio. Kwa sababu upande wa kwanza uliisha katikati ya ule wimbo wa tarumbeta, tak!, na lazima mtu ageuze. Nafungua, natoa, nageuza, nafunga, nabonyeza. Miaka tisa nimegeuza hiyo kaseti. Hakuna Jumapili hata moja uliyoambiwa ugeuze wewe.

Halafu Baba alipoamua kumfundisha mmoja wetu tarumbeta, alikutazama wewe moja kwa moja. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimeshaushika ule wimbo wote kwa kuuimba kimoyomoyo. Akasema vidole vya Mary Ann vitahitajika jikoni. Hakusema kwa ubaya, ndivyo wazee walivyokuwa wakiona mambo. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani mkononi, nikasikia.

Nilijifunza ulipoenda chuo. Meno ya mbele ya Baba yalikuwa yameondoka, hawezi tena kupuliza, na ile tarumbeta yake iliyopakwa fedha, ile aliyoinunua kwa kuuza fahali wawili, ilikuwa imelala kwenye sanduku. Nikaitoa. Hakunikataza. Hakunisifu pia. Mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa nikiipiga kwenye bendi ya Kitale, na kila Pasaka nikija kuipiga Matulo mbele yake. Hajawahi kuniambia hata "umejaribu".

Sasa sikia kilichonishikisha kalamu. Jumapili ile, watu wakiwa bado wanakupigia makofi, Baba alisema kwa sauti, "Dancan akija Disemba, ataondoka na tarumbeta yangu. Iende kwa mtu anayeijua sehemu ile." Kapteni akajibu Amina. Mimi nilikuwa mlangoni tena, safari hii na birika. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeipiga kanisani, bado ilikuwa na joto la mdomo wangu.

Wewe una ile ya okestra, ya bomba la kujiviringa, uliyoazimwa na wenyewe. Hii yetu ni ya bendi. Huko kwenu haina hata kiti cha kukalia. Nakujua, utaitundika ukutani sebuleni, wageni wakija waulize, uwasimulie habari za Baba kipofu wa Matulo. Na mimi Jumapili nikae katikati ya bendi nimeshika nini? Kitabu cha nyimbo?

Basi nikaamua kupigana. Nikamwambia Baba huwezi kuhukumu kwa kusikia moja, tuzilinganishe. Alikubali upesi. Mzee yule anapenda kulinganisha, hata uji wa Linah anaulinganisha na wa marehemu Mama. Nyaruai akatafuta mtandaoni okestra nyingine, kubwa, ya watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Nikaitoa kaseti, nikasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Jumamosi nzima tukasikiliza: kaseti, hiyo kubwa, na yako. Ngige alikuwa amenisindikiza. Akasikiliza zote tatu kwa heshima, kisha akasema kwake yeye zote ni kitu kimoja. Baba akamwomba aende akawaangalie ng'ombe.

Ile ya mtandaoni Baba hakuikawiza. Akasema ni safi sana, ila ni kama nyumba iliyofagiliwa ambayo hakuna mtu anaishi. Kaseti aliisikiliza akitabasamu. Unajua ile redio mkanda wake wa ndani ulilegea tangu zamani, kwa hivyo simfoni yote inakwenda pole na sauti imeshuka, na Baba alipoiandikia bendi kwa solfa, zile do-re-mi, aliiandika hivyo hivyo, imeshuka. Ikafika zamu yako. Akakunja uso. "Mbona wanakimbia?" Dancan, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikasimama. Nikasema, "Si ndiyo, Baba! Wanakimbia kama watu walionyeshewa!" Kisha akasema, "Lakini huyu mtoto pumzi yake ni ndefu." Nikakaa.

Na kwa kuwa tunalinganisha, nami nitoe hukumu yangu. Fidla zenu zinachelewa kuingia mwanzoni. Mtu wenu wa ngoma kubwa ana usingizi. Na wewe mwenyewe, ile nota ya juu ya tatu, uliikwaruza kabla haijatoka. Usinibishie, nimeisikiliza mara arobaini. Nilikuwa natafuta nyingine ulizokwaruza. Sikupata, na hilo liliniudhi kuliko yote. Umeipiga vizuri, bana. Nimeandika, usiniombe nirudie.

Lakini kuna maneno uliyoyaweka chini ya rekodi. "Kumbe kwenye nota hakuna kunyamaza pale katikati! Miaka yote tumekuwa tukikosea, haha." Ati haha. Dancan, Baba alipoandikia bendi ule wimbo, aliandika vile alivyousikia, pamoja na kimya cha kugeuza kaseti. Bendi ya Matulo inanyamaza pale. Ya Kitale inanyamaza pale kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha. Watu kanisani wanajua ndipo pa kukohoa, akina mama ndipo wanapomhamisha mtoto paja. Yule Kapteni wa kabla ya huyu alidhani ni mahali pa sala, akasali, na kuna wazee ambao tangu hapo hufumba macho. Sasa wewe unatoka Ujerumani unatuambia ni kosa. Pengine ni kosa. Lakini ndicho kitu pekee katika simfoni ile ambacho kilikuwa changu, na wewe umekichekea.

Sasa naungama. Wiki nne zilizopita, kwenye mazoezi ya Alhamisi, nilimwomba Nyaruai aturekodi. Tuko kumi na wanne, ukumbi una mwangwi, na yule wa besi ana mafua. Nilipiga kama mtu aliyefukuzwa kwenye shamba lake. Ijumaa nikaenda nayo Matulo, na Jumamosi nikamkuta Baba amekaa uani baada ya chai, nikamwambia, "Baba, Dancan ametuma nyingine. Safari hii wamepiga wale wa tarumbeta peke yao."

Uongo mtupu, na jina lako ndani yake. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Atasikia, atainua kile kidole, atasema huyo ni Dancan, ataanza kulia. Ndipo nitamwambia mbele ya Linah: Baba, umemlilia Mary Ann. Nilitaka aone aibu. Mzee wa miaka themanini na moja, haoni, nilitaka aone aibu. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika.

Ikaanza. Baba akaegemea, mikono yote miwili juu ya bakora. Wimbo wangu ukaingia. Nikangoja kidole. Hakikuinuka. Midomo tu ndiyo iliyocheza kidogo. Halafu tukafika pale katikati, na bendi ikanyamaza.

Dancan, nilikuwa nimesahau! Nimepanga uongo wangu wote, nikasahau kwamba okestra yako hainyamazi pale. Nitakumbukaje? Kwangu mimi ndivyo wimbo ulivyo. Nikaganda na simu mkononi.

Baba akageuza uso wake kwangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kigoda, mkono wake wa kulia, wala sikuwa nimejua kwamba ndipo nilipokaa. Akasema taratibu, kama mtu anayehesabu, "Fungua. Toa. Geuza. Funga. Bonyeza." Na alipotamka "bonyeza", bendi ikaingia. Hapo hapo. Hata nusu ya sekunde haikupotea.

Tukasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dancan hajawahi kugeuza kaseti. Hawezi kujua urefu wake."

Nikalia, na hakikuwa kilio cha kujifuta kwa kitambaa ukaendelea na kazi. Nikamwomba msamaha kwa uongo. Hakuujibu uongo. Akauliza, "Ile ya juu hukuikwaruza. Tangu lini unapiga hivi?"

"Miaka kumi na tisa, Baba."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Umekaa mstari wa mbele, kila Pasaka."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Linah alikuwa ameacha kuosha vikombe. Mwishowe Baba akasema, "Tarumbeta haiendi popote. Mwambie ndugu yako aje na yake."

Basi nimekuambia. Kama ulikuwa umeshaipimia nafasi ukutani, pole. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu, pamoja na uongo nilioufanya kwa jina lako, kabla Linah hajakutumia ya kwake yenye chumvi. Nisamehe kwa hilo la jina. Kwa hayo mengine siombi msamaha.

Ungedhani wivu uliishia hapo. Nami nilidhani hivyo, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Baba alikunywa yake, akaweka kikombe chini, akajifuta midomo. "Sasa," akasema, "niwekee ya Dancan."

Nilimtazama yule mzee. Nikaiweka, nimenuna mpaka masikioni. Ukaanza ule wimbo wako, na ile pumzi yako. Ulipokaribia katikati, Baba akainua mkono, si kidole, mkono wote, na nikaelewa kabla hajasema. Nikabonyeza, simu ikasimama. Fungua, toa, geuza, funga. Nikabonyeza tena, ukaendelea.

Ndivyo tunavyoisikiliza sasa kila Jumamosi. Okestra nzima ya Ujerumani, watu sabini na yule anayewaongoza kwa kijiti, inanyamaza uani kwa Baba huko Matulo na kunisubiri mimi. Nawe unasubiri pamoja nao, na pumzi yako ndefu kifuani. Siku nikiwa nimekasirika nakusubirisha kidogo zaidi. Baba anajua, anacheka.

Msalimie sana wifi yangu Chelagat, umwambie lile gauni lake limeshakamilika, linamngoja. Wabusu watoto. Baba anakusalimu, anasema usiache kufanya mazoezi ya nota ndefu asubuhi. Ngige anakusalimu, Nyaruai anakusalimu, Linah anauliza kama kweli huko mnakula mkate mweusi. Mungu akulinde kwenye zamu zako, akupe afya, akuongezee pumzi, lakini asizidishe.

Uje Disemba bila kukosa. Kaseti nimeifunga kwenye kitambaa, redio inafanya kazi. Siku ya Krismasi baada ya chai tutaisikiliza ile yenyewe, na mimi nitakaa miguuni kwa Baba. Kigoda kitakuwa chako.

Dada yako akupendaye, wivu wake wote ukiwa ndani ya bahasha hii,

Mary Ann